Sivuki Mpaka Useme

"Vuka, Nelima! Maji yanapanda!"

"Sivuki."

"Nelima, tafadhali."

"Nimekuuliza swali. Nijibu kwanza, ndipo nivuke."

Nilikuwa katikati ya Mto Chania, maji yamenifika kiunoni, baridi yake ya kukata mifupa. Kwa mikono yote miwili nimeshika kamba ya katani iliyofungwa kutoka mti wa upande huu hadi mti wa upande ule. Mgongoni nina furushi la nguo za Memsabu. Na pale ng'ambo amesimama Dalmas Odhiambo, mwanamume niliyempenda kuliko akili yangu, amenyoosha mkono kama mtu anayeita kuku.

"Swali gani tena?"

"Lile lile. Jumapili utakuja kwa baba mdogo au huji?"

"Tukifika juu tutaongea."

"Juu wapi? Mbinguni?"

Wapagazi wakaangua kicheko. Kaka yake Dalmas, Tobias, ambaye ndiye aliyekuwa nyapara wetu, akageuka kutazama miti kama mtu asiye na masikio. Lakini Memsabu Pollard hakucheka. Aliketi juu ya jiwe, amevua kiatu, anakamua soksi.

"Wewe mwanamke! Nataka kufa? Kuja hapa pesi!"

"Memsabu, huyu mtu ameniahidi ndoa!"

"Mimi hapana taka ndoa! Mimi nataka nguo yangu kavu!"

Nikavuka. Si kwa ajili ya Dalmas, wala si kwa ajili ya nguo. Miguu ilikuwa imekufa ganzi.

Aliponishika mkono kunitoa majini, nilimwambia polepole asikie yeye tu:

"Usifikiri limeisha."

Mwaka ulikuwa elfu moja mia tisa hamsini na tisa. Msitu wa Nyandarua ulikuwa umefungwa kwa sababu ya vita, na sasa wazungu wachache walikuwa wanapewa ruhusa ya kuingia tena, kuvua samaki na kutembea. Kazi ya Dalmas na Tobias ilikuwa kuwapeleka. Walikuwa wanachukua mizigo Thika mjini, lori linawashusha ukingoni mwa msitu, kisha wanafuata mto kwa miguu hadi bonde la juu kabisa. Tobias ndiye aliyeamua nani abebe nini na nani aende wapi. Dalmas alikuwa mtu wa kamba: anaifunga kiunoni, anaingia mtoni wa kwanza, akifika ng'ambo anaikaza ili wengine wavuke.

Mtu asiyeogopa mto uliofurika. Lakini mlango wa baba mdogo wangu ulimshinda.

Mimi nilikuwa nachambua kahawa Ruiru, naishi kwenye laini za wafanyakazi na baba mdogo Erastus aliyenilea baada ya baba yangu kufa kule Kimilili. Kila mwisho wa mwezi Dalmas alituma neno kwa madereva: "Mwambieni Nelima nikirudi nitakuja." Anarudi. Tunakutana sokoni Thika, ananinunulia leso, ananichekesha mpaka nasahau hasira. Kisha anaondoka tena na mzungu mwingine. Hivyo hivyo, miaka miwili.

Siku moja baba mdogo aliweka kikombe chini.

"Nelima, huyu Mjaluo wako ana miguu?"

"Anayo, baba."

"Mbona inamfikisha mlimani na haimfikishi hapa?"

"Kazi, baba."

"Kazi! Hata Kaleli ana kazi. Anaendesha lori, lakini amekuja mlangoni kwangu mara tatu, amevua kofia. Jumapili ijayo analeta wajomba zake. Huyo wako akitokea, nitamsikiliza. Asipotokea, nitapokea mbuzi."

"Baba, mimi simtaki Kaleli."

"Na anayekutaka wewe yuko wapi?"

Swali lilikuwa la haki. Hicho ndicho kilichoniuma.

Kesho yake nilimweleza Mumbi, rafiki yangu, tukiwa mezani tunatoa mbegu mbovu.

"Ati Dalmas wako sasa anaenda kutafuta maji ya mto yanatoka wapi?" Mumbi aliuliza. "Si yanatoka kwa mfereji?"

"Usinichekeshe. Nina uchungu."

"Sikuchekeshi. Karani anasema mzungu atakayempeleka huko juu ni mwanamke, anatafuta msichana wa kumpikia na kumfulia. Hataki kufuliwa na wanaume. Nenda."

"Mlimani? Mimi?"

"Sasa aende nani? Mimi Mkikuyu nikionekana msituni bila pasi nitashuka na pingu. Wewe nenda, umkamate huko huko. Huko hakuna lori la kukimbilia."

Memsabu Pollard aliniuliza maneno mawili tu.

"Wewe naweza tembea?"

"Naweza."

"Naogopa nyati?"

"Naogopa kuzeekea kwa baba mdogo."

"Nini?"

"Siogopi, Memsabu."

Dalmas aliponiona Thika, nimekaa juu ya magunia ya unga kwenye lori, rangi ilimtoka.

"Unafanya nini hapa?"

"Nimekuja kumwona mwanamke mwenzangu."

"Mwanamke gani?"

"Huyu unayemkimbilia kila mwezi. Mto."

Tulipita msitu wa miti mikubwa, tukaingia kwenye mianzi iliyosongamana hata mchana ukawa kama jioni, tukavuka Chania hapa na pale kadiri Tobias alivyoona njia. Juu ya mianzi nchi ikafunguka. Sijaona mahali kama pale. Bonde pana lililozungukwa na vilele, nyasi za mafungu mafungu, na mimea mirefu kuliko mtu, yenye manyoya kama kondoo. Vijito vinashuka kila upande. Asubuhi nilikuta barafu kwenye karai. Niliivunja kwa mwiko ili nichemshe chai.

Pazuri, sikatai. Lakini sikuwa nimepanda kule kutazama uzuri. Ijumaa ilikuwa imefika na Dalmas alikuwa bado ananikwepa. Nikienda kuteka maji, yeye anaenda kukata kuni. Nikienda kwenye kuni, yeye anaitwa na Memsabu.

Nikamwendea Tobias. Alikuwa anapaka samaki chumvi.

"Shemeji, naomba nikuulize jambo. Usinikasirikie."

"Uliza, Nelima."

"Mbona ndugu yako haji kwetu?"

Akaacha samaki.

"Haji? Si wewe unayemwambia asije?"

"Mimi?"

"Ndivyo alivyoniambia. Ati baba yako mdogo bado hayuko tayari. Ati unataka kwanza ajenge nyumba ya mabati nyumbani."

"Mabati! Shemeji, mimi nikimwona huyo mtu mlangoni nitamkubali hata akija na nyumba ya majani kichwani!"

Tobias alinitazama sana. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, asiyeongea ovyo.

"Basi sielewi," alisema.

Mimi nilielewa kitu kimoja: nimedanganywa, tena nimesingiziwa. Nikachukua debe, nikamfuata Dalmas hadi kijitoni. Safari hii nilisimama kwenye njia, jabali upande mmoja, matope upande wa pili. Hakuwa na pa kupita.

"Nyumba ya mabati?" nikamuuliza.

Akafumba macho.

"Nelima..."

"Usiniite. Kama una mwanamke mwingine, sema. Kama hunitaki, sema. Nitalia, nitapangusa, nitaolewa na Kaleli, maisha yaendelee. Lakini sitafanywa mjinga na kwa kaka yako nifanywe mkaidi."

"Sina mwanamke mwingine. Nakutaka wewe."

"Basi shida ni nini?"

Aligeuka kutazama kambini, kisha akapunguza sauti.

"Tobias hajaoa."

"Na mimi nimeona. Kwa hiyo?"

"Kwetu mdogo hampiti mkubwa. Nikioa kabla yake nimemruka. Nyumbani watasema nimemdharau kaka yangu."

"Hata kwetu jambo hilo liko. Lakini kwetu midomo pia iko. Umemuuliza?"

"Kumuuliza nini?"

"Ana mpango gani! Ataoa lini! Anakuruhusu au hakuruhusu!"

"Nelima, mtu hamuulizi kaka yake mkubwa neno hilo. Ni kama kumwambia yeye si mwanamume. Huyu ndiye aliyenilea mjini, amenipa kazi. Nimeona ningoje tu. Akioa, siku hiyo hiyo ninakuja kwenu."

Nililiweka debe chini.

"Ngoja nielewe. Miaka miwili nimemngoja mtu ambaye hajui kwamba anangojwa?"

Alitazama debe.

"Dalmas, nakuuliza!"

"Ndiyo."

"Sasa nitakwenda kumwambia mimi."

Akanishika mkono.

"Usimwambie! Wewe ni shemeji yake. Likitoka kwako atakuwa ameaibishwa na mwanamke anayekuja nyumbani kwake. Hamtakaa pamoja tena maisha yenu yote. Nakuomba."

Na hapo alinifunga, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Nikachota maji, nikarudi kambini na hasira ambayo haikuwa na mahali pa kuiweka. Nilimsongea Memsabu ugali wake mgumu kama tofali. Alikula bila neno.

Alipomaliza, alituita sote.

"Kesho hapana rudi," alisema, akaonyesha kilele kilichokuwa ndani ya ukungu. "Mimi naona mto natoka kule. Tunakaa hapa mpaka mimi nafika. Labda Jumatano."

Jumatano! Jumatano ningekuwa nimeshapewa mtu.

"Memsabu, mimi lazima nishuke," nilisema.

"Peke yako? Nyati nakula wewe."

"Nyati hali watu, Memsabu. Anaua tu."

"Uliza nyapara. Mimi hapana jua."

Wapagazi walikuwa wanafunga turubai lao upande wa pili. Tulibaki watatu motoni: Tobias, Dalmas na mimi. Tobias alikuwa anachokonoa makaa.

"Kwa nini unataka kushuka, Nelima?"

Nilimtazama Dalmas. Ilikuwa zamu yake. Kama kuna siku mwanamume hupewa neno mkononi, ni ile.

Akakohoa.

"Anaumwa tumbo," alisema Dalmas. "Naona nimpeleke."

Niamini, nilitafuta mwiko.

"Unaumwa tumbo?" Tobias akaniuliza.

"Siumwi popote, shemeji. Ndugu yako ndiye anayeumwa mdomo. Naomba umsaidie, mimi nimeshindwa."

Nikanyanyuka, nikaenda nyuma ya hema. Sikwenda mbali, nilikuwa nasikia kila kitu. Sioni haya.

"Dalmas," Tobias alisema. "Kuna nini?"

"Hakuna, omera, ndugu yangu."

"Hakuna? Msichana amesimama mtoni mbele ya watu wote anapiga kelele, hakuna? Ameacha kazi Ruiru akaja kulala kwenye barafu, hakuna? Sema."

Kijito kinaongea, yeye haongei. Nilianza kuhesabu nguo nitakazofunga nikienda kwa Kaleli.

Kisha nikamsikia, sauti imekauka:

"Jumapili wanampa mtu mwingine. Nataka kumwoa mimi. Na wewe... wewe hujaoa."

Ukuni ukapasuka motoni.

"Nimekuwa nangoja," Dalmas akaendelea. "Sikutaka kukuruka."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipomjua."

"Miaka miwili?"

"Miaka miwili."

Nilidhani Tobias atacheka. Hakucheka. Alipiga sufuria teke, ikabingirika hadi kwenye majani.

"Kwa hiyo mimi ndiye jiwe la mtoni! Mnanizunguka, mnanizunguka, hakuna hata mmoja anayesema, Tobias, sogea! Unajua nilikuwa nafikiri nini? Nilikuwa nafikiri msichana amekukataa, na wewe unaona haya kuniambia. Ndiyo maana sikukuuliza. Nilikuwa nakuhurumia, mjinga wewe!"

"Na mimi nilikuwa nakuheshimu."

"Heshima gani hii? Umemtesa mtoto wa watu kwa jina langu, na jina lenyewe hukuniomba!"

"Nisamehe, omera."

"Unajua kama mimi nataka kuoa?"

"Sijui."

"Hujui! Kwa nini hujui?"

"Sikuuliza."

Tobias alipoongea tena, sauti ilikuwa chini, na nilitamani nisingekuwa nasikiliza.

"Aketch, msichana niliyemtaka, alipoolewa Kisumu, nilimwambia mama mimi nimemaliza. Labda nitaoa nikizeeka, labda sitaoa. Wewe ulikuwa mdogo, hukuambiwa. Lakini ungeniuliza ningekwambia. Haiumi kuulizwa. Inauma kufikiriwa ukiwa umeketi hapo hapo."

Akaondoka kuelekea kwenye miti, shoka mkononi. Tulimsikia akipasua kuni nyingi kuliko zilizohitajika. Aliporudi, maji ya chai yalikuwa yamechemka, yamepungua, nimeongeza mengine. Akapokea kikombe kutoka kwangu kwa mikono miwili.

"Nelima, mtashuka alfajiri, wewe na huyu. Mimi nitabaki na Memsabu, kamba moja nitaishika mwenyewe, nyingine chukueni. Mwambieni mzee Erastus kwamba mimi mkubwa wa Dalmas nimemruhusu. Nyumbani wazee watataka kulisikia kutoka kinywani mwangu. Nitakwenda kulisema."

"Asante, shemeji."

"Usinishukuru. Huyu ataongea mwenyewe kwenu. Mimi siendi kumshika mkono."

Tulishuka. Mvua ilikuwa imenyesha juu usiku kucha, na pale mahali nilipogoma kuvuka, mto ulikuwa umekuwa mwingine: mweusi, unavuta magogo. Dalmas aliifunga kamba kiunoni, akaingia. Mara mbili kichwa chake kilipotea. Nilipiga kelele mpaka koo likauma, nikajua kwamba hasira yangu yote haikuwa imepunguza mapenzi hata kidogo. Alipofika ng'ambo na kuikaza kamba, nilivuka bila swali hata moja.

Njia nzima ya mianzi alikuwa anajifunza atakavyosema.

"Nitasema: Mzee, nilikuwa na kazi nyingi."

"Usiseme kazi. Ukisema kazi atakufukuza."

"Nitasema: Mzee, ni mila."

"Atakuuliza mila gani inayokataza kupiga hodi."

"Basi niseme nini?"

"Dalmas, mimi nimechoka kukutafutia maneno. Nimekutafutia miaka miwili. Sema chochote, mradi kiwe cha kweli."

Tulilala kwa watu karibu na msitu. Jumapili tukapata lori la mboga hadi Thika, na jingine hadi Ruiru. Tulifika mchana, matope mpaka usoni. Mbele ya mlango wetu palikuwa na viti vyote vya laini nzima, na vyote vimekaliwa. Kaleli amevaa koti. Wajomba zake wawili. Baba mdogo. Mbuzi amefungwa kwenye nguzo. Mumbi alikuwa anamimina chai. Aliponiona, alimimina mezani.

"Ngai! Umemleta!"

Baba mdogo hakunyanyuka.

"Huyu ndiye mwenye miguu?"

"Hamjambo, wazee," Dalmas alisema.

"Hatujambo. Umekuja peke yako? Mtu haji kuposa kama anayeuza kuku."

"Kaka yangu yuko mlimani na mzungu. Ametoa ruhusa yake. Nimetangulia kwa sababu niliambiwa mwisho ni leo."

"Na miaka miwili ulikuwa wapi?"

Nilishika fundo la leso yangu. Nilimwona Dalmas akifungua mdomo, akifunga. Mjomba mmoja wa Kaleli akakohoa.

"Nilikuwa naogopa, mzee," Dalmas akasema. "Si kazi, wala si mila. Mila ipo, lakini niliifanya shuka, nikajifunika. Niliogopa kumuuliza kaka yangu neno moja, nikamwacha Nelima alipe. Nilimdanganya kaka yangu kwamba Nelima ndiye anayechelewesha. Kosa ni langu lote. Nimekuja kuomba, na ukinifukuza utakuwa na haki. Lakini nitarudi kesho niombe tena."

Baba mdogo alikuna kidevu.

"Nelima, njoo hapa katikati."

Nikaenda.

"Watu ni wengi leo. Kaleli chai amekunywa, na huyu aliyetoka mlimani hajapewa hata maji. Sasa mimi nakuuliza mbele yao wote. Nani hapa unamjua kuwa wako?"

Kila mtu akanitazama. Kaleli alitazama kofia yake. Dalmas alinitazama mimi, na macho yake yalikuwa kama ya mtu aliyeachiwa kamba katikati ya maji.

Sikujibu haraka. Niliweka mikono nyuma, nikatazama mbuzi, nikatazama paa. Nilitaka aonje kungoja, hata kijiko kimoja.

"Nelima," baba mdogo akasema. "Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Nikangoja kidogo zaidi. Jasho lilikuwa linamtiririka Dalmas likichora mistari kwenye matope.

"Namjua huyu mchafu," nikasema. "Mpeni kiti."

Kaleli ndiye aliyesimama. Akapiga vumbi kiti chake kwa kofia, akakisogeza.

"Achukue changu," alisema. "Chai nimemaliza. Lakini mbuzi narudi naye."

"Rudi naye," baba mdogo akamwambia. "Na asante kwa kuja mlangoni."

Kisha akamgeukia Dalmas, aliyekaa ukingoni mwa kiti kama kitamwangusha.

"Haya, kijana. Sasa anza upya, na uanze na jina la baba yako."